Filta iliyoandikwa "ya beta" imemtesa beta wangu

Nianze na jibu la muuzaji, maana mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Nilimrudishia mkononi filta, kile kifaa cha kusafishia maji ya tangi la samaki, nikamweleza kwamba beta wangu, samaki wa mapambo, anasukumwa na maji kutwa nzima na mkia umeanza kuchanika. Hata boksi hakulifungua. "Kaka, hao samaki wanaishi hata kwenye kikombe. Akifa, njoo uchukue mwingine." Akamgeukia mteja aliyenifuata.

Na huyu ndiye aliyeniuzia! Siku ile ya kununua alikuwa na maneno matamu. Nilimtajia ukubwa wa tangi kabla sijatoa hela, lita 20, na nikamwambia wazi kwamba nina dume la mapezi marefu, kwa hiyo sitaki maji yaende kasi. Akanionyesha boksi: picha ya beta mwekundu ametandaza mkia, na maandishi kwamba filta imetengenezwa kwa ajili yake. Akanihakikishia kuna kidhibiti, utapunguza unavyotaka.

Kidhibiti chenyewe ukikizungusha hadi mwisho hakibadilishi kitu cha maana. Maji bado yanamwagika kwa nguvu na kulizungusha tangi zima. Mimea ilikuwa imelala upande mmoja. Beta anapanda juu kuvuta hewa, mkondo unamrudisha chini. Anapanda tena, unamrudisha. Samaki huyu ana kiungo kichwani kinachoitwa labirinthi, na kwa hicho huvuta hewa kutoka juu ya maji. Hategemei mashavu peke yake. Ukimzuia kufika juu kwa utulivu unamnyima pumzi. Asili yake ni Thailand na nchi za jirani, kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ambako maji yametulia au yanatembea polepole. Mapezi yale marefu hakuzaliwa nayo porini, ni wafugaji waliomchagua kizazi baada ya kizazi mpaka akawa hivyo. Kumtia kwenye mkondo ule ni kama kumvika mtu kanzu ndefu na kumwambia aogelee baharini wakati wa mawimbi. Aliyechora picha ile ya boksini hajawahi kumtazama beta akiogelea, au amemtazama na hakujali.

Kisha kuna tundu la kunyonyea maji. Vipenyo vyake ni vipana mno. Asubuhi moja nilimkuta amebanwa hapo, ncha ya mkia imevutwa ndani. Nikachomoa waya ukutani mikono inatetemeka. Hapo ndipo nilipoipeleka filta dukani, nikapewa jibu la kikombe.

Nilirudi nayo nyumbani, nikalivisha tundu lile sponji laini, na kipande kingine nikakiweka pale maji yanapotokea ili kivunje nguvu. Haki isemwe: ilisaidia. Beta akaanza kuzunguka tangini na kula vizuri, na maji yakatakata. Mota yake pia ni tulivu, unalala nayo chumba kimoja wala huisikii. Kwa muda nikawa nasema labda nimeionea filta hii, kwamba ni chombo kizuri kilichouzwa na mtu mbaya.

Hapana. Ikafika zamu ya katriji, kile kichujio kinachowekwa ndani ya filta.

Maelekezo yanataka uitupe katriji kila baada ya wiki chache na kuweka mpya. Hii ndiyo inayoniudhi kupita yote, kwa sababu mtu anayeanza kufuga ataifuata akiamini anafanya usafi. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hujishikiza kwenye vitu, na wengi wao wanakaa humo humo kwenye katriji. Kuwajenga katika tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6. Unaitupa katriji, unawatupa nao, na katika tangi dogo amonia hupanda haraka. Halafu samaki akifa unaambiwa njoo uchukue mwingine! Nakumbuka muuzaji alivyonisisitiza nichukue kabisa na pakiti ya katriji za akiba. Sasa najua kwa nini.

Ninayotumia sasa ni filta ya sponji, ile inayoendeshwa kwa pampu ya hewa. Haina umbo la kupendeza na inachukua nafasi, na pampu inanguruma. Ukiiweka juu ya kitambaa kizito inapunguza sauti, ingawa haiishi. Lakini mapovu yanapanda taratibu, hakuna tundu la kumnasa mtu mkia, na sponji moja inadumu muda mrefu. Unaikamua tu ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini. Usiikamulie bombani, klorini, dawa iliyomo kwenye maji ya bomba, itawaua bakteria wale wale. Weka kikoki kidogo kwenye mrija wa hewa ili upunguze mapovu, na vali ya kuzuia maji kurudi, maana umeme ukikatika maji yanaweza kufuata mrija hadi kwenye pampu. Vitu viwili vidogo, na hakuna duka lililonitajia.

Mkia wa beta unaota tena, sehemu mpya bado haina rangi. Ametengeneza na kiota cha mapovu kwenye kona, jambo ambalo mkondo wa zamani usingeliruhusu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuipa nyota mbili, moja ya ukimya wa mota na moja ya maji kutakata. Kwa samaki wanaopenda maji ya kasi, kama danio, katika tangi kubwa zaidi, huenda ningeisifu. Lakini boksi halisemi danio, linasema beta. Naipa nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande. Filta ninayo bado, nzima, na mwenye danio aje aichukue bure. Mwenye beta asiniombe, sitampa.