Chakula cha jioni juu ya paa la Emerson on Hurumzi, Mji Mkongwe

Ukiwa Unguja na umeweka pembeni pesa ya mlo mmoja wa kifahari, nakushauri uzitumie Tea House, mgahawa ulio juu kabisa ya hoteli ya Emerson on Hurumzi. Bei si ya kila siku, lakini mimi niliondoka roho yangu imeridhika.

Nyumba ilikuwa ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyeshika forodha enzi za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, yule yule aliyeanza kujenga ile Dispensari ya Zamani kule Malindi. Walioigeuza hoteli hawakuivua uzee wake: kuta nene, dari ya boriti, ngazi za mbao zilizosimama wima. Lifti hakuna. Nilikwenda na mama mdogo, magoti yanamsumbua, tukapanda taratibu huku mhudumu akitusubiri kila tulipopumzika.

Juu unavua viatu, unakaa chini kwenye zulia na matakia. Wageni wengine walikuwa wakihangaika na miguu yao. Mama mdogo alikunja yake kama yuko kwake. Hapo ndipo nilipoipenda sehemu hii. Kula chini, vyombo vikiwa katikati na kila mtu akichukua, ni kawaida yetu pwani, na hapa imepewa heshima inayostahili.

Fika kabla jua halijazama. Tuliona minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, mapaa ya mabati yenye kutu, na upande wa bahari Beit-el-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Inauma kuitazama. Kisha kengele za hekalu la Wahindi zikalia, na punde adhana ya magharibi ikapokezana msikiti hadi msikiti. Mezani kwetu hakuna aliyezungumza.

Mapishi yana asili ya Kiajemi na Kiomani. Bilinganya la kuchoma lilikuja laini, lina harufu ya moshi na ndimu ya kutosha. Wali wa zafarani ulikuwa umechambuka punje kwa punje, na chini yake ukoko mkavu wa rangi ya dhahabu, ambao mama mdogo aliumaliza peke yake. Samaki alikuwa mzuri. Kitindamlo sikukijali sana, nilikuwa nimeshiba.

Weka nafasi mapema, maana paa ni dogo. Siku nyingine huwa na taarab, kwa hiyo uliza unapopiga simu.