Tosca ya Callas (1953) na Tosca ya Price (1962): ipi ya kununua

Kama mfuko unaruhusu rekodi moja tu ya Tosca, opera ya Puccini, chukua ya Milano ya mwaka 1953: Maria Callas (Tosca), Giuseppe Di Stefano (Cavaradossi, mchoraji na mpenzi wa Tosca) na Tito Gobbi (Scarpia, mkuu wa polisi), pamoja na kwaya na okestra ya La Scala chini ya Victor de Sabata. Ni ya mono, yaani sauti ya mkondo mmoja tu, na wengi huipita kwa sababu hiyo. Nimeiweka sambamba na ya Vienna ya 1962, ambayo Herbert von Karajan anaongoza na Leontyne Price anaimba Tosca. Hiyo ni stereo na imerekodiwa vizuri mno. Hata hivyo, ya 1953 ndiyo ninayoirudia.

Anza na toleo, maana hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Rekodi ya 1953 imetolewa mara nyingi kwa majalada tofauti. Mimi ninatumia ya kampuni ya Warner ya 2014, iliyosafishwa upya katika studio za Abbey Road kutoka kwenye tepu za awali. Matoleo mengine ya bei rahisi yamenakiliwa kutoka kwenye santuri, na kasoro zake hujitokeza mapema. Opera inafunguka kwa vishindo vitatu vya okestra nzima, na cha kwanza kimejengwa juu ya noti ya B bemol. Washa programu ya kupimia noti za gitaa: ikikuonyesha imekaribia B kamili, santuri ilizungushwa haraka kupita kiasi na waimbaji wote watasikika wembamba. Halafu sikiliza mchakarisho wa tepu. Usipousikia kabisa, na fidla zikawa butu, ujue mtu ameuchuja kupita kiasi na kuondoka na nusu ya uhai wa sauti. Ukivaa hedifoni, muziki wote unapaswa kutulia katikati ya kichwa. Sauti zikiyumba kushoto na kulia, hiyo ni stereo ya kughushi, achana nayo.

Katika programu ya kusikilizia muziki, zima kipengele kinachosawazisha sauti za nyimbo, na weka sifuri kwenye kile kinachofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Tendo zima la Tosca huenda bila kusimama ingawa limekatwa vipande vingi; mipangilio hiyo ikibaki imewashwa, utasikia pengo au mruko katikati ya sentensi ya mwimbaji.

Kosa kubwa katika kulinganisha ni kiwango cha sauti. Sikio hupenda kinachovuma zaidi, na rekodi ya Vienna ina okestra kubwa mbele yako. Usipime kwa sehemu yenye kelele. Tafuta mahali Scarpia anapozungumza kwa utulivu mwanzoni mwa tendo la pili, rekebisha hadi sauti yake ilingane katika rekodi zote mbili, kisha usiguse tena.

Sasa muziki wenyewe. Te Deum, wimbo wa kanisani unaofunga tendo la kwanza, ni ushindi wa Vienna bila ubishi. Kengele, kinanda cha kanisani, mizinga, kwaya na Scarpia kila kimoja kina mahali pake, na unaweza kufuata kengele zinavyopokezana noti mbili zilezile kwa ukaidi. Ya 1953 hubanana kileleni: kwaya na ala za shaba hugeuka kitu kimoja kizito. Vivyo hivyo tendo la pili, pale kantata, wimbo wa kwaya, inaposikika kupitia dirishani hadi Scarpia anapolifunga kwa hasira. Vienna unasikia umbali wa ua. Milano unasikia tu kwaya iliyo dhaifu.

Lakini endelea dakika chache, hadi mateso ya Cavaradossi. De Sabata hamwachi msikilizaji apumue. Kasi inapanda kidogo kidogo, bila mruko wowote, na kila mara Tosca anapokaribia kutoa siri ili mpenzi wake asiteswe, okestra inamsukuma kutoka chini. Karajan anapanua, anakupa muda wa kuonja rangi za ala, na hapo hofu inapungua. Gobbi naye anatisha zaidi anaposhusha sauti: katika swali la Tosca la bei ya kumwokoa Cavaradossi, na jibu la Scarpia kwamba hajiuzi kwa fedha kwa wanawake warembo, kila silabi ina uzito wake. Giuseppe Taddei wa Vienna ana sauti nono zaidi na ni Scarpia bora sana, ila ubaya wake ni wa wazi.

Di Stefano anaimba katika rekodi zote mbili, kwa hiyo ni kipimo kizuri ajabu. Cheza “Vittoria! Vittoria!” (“Ushindi!”), kilio cha Cavaradossi katika tendo la pili, kwa rekodi zote mbili mfululizo. Mwaka 1953 noti ya juu inalipuka yenyewe. Mwaka 1962 anaisukuma, na ukavu unasikika.

Kati ya akina mama hawa wawili ni suala la unachokitafuta. “Vissi d'arte”, wimbo wa Tosca wa tendo la pili, ya Price ndiyo ninayoipendelea kwa uzuri wa sauti tupu, pana na ya moshi kidogo. Callas anashinda katika mistari mifupi. Sikiliza anaposimulia, katika tendo la tatu, jinsi alivyomchoma Scarpia kisu: anaruka hadi C ya juu, kisha anateremka oktava mbili, na bado maneno yanasikika. Fuata maandishi ya Kiitaliano ya Illica na Giacosa yakiwa mkononi. Bila hayo utakosa nusu ya kazi yake.

Kwa wanaotegemea bando: rekodi ya 1953 ni ya karibu saa 1 na dakika 50, yaani takriban MB 260 kwa ubora wa kbps 320. Pakua kwanza, ndipo usikilize.

Tahadhari moja ya mwisho kwa mnunuzi. Callas na Gobbi waliirekodi tena Tosca Paris kati ya 1964 na 1965, kwa stereo, Carlo Bergonzi akiwa tenori. Sauti ya Callas ilikuwa imeshaanza kutikisika juu, na majalada ya rekodi hizo mbili huchanganywa madukani. Jina la Georges Prêtre likiwa ndilo la mwongozaji, siyo ninayoizungumzia hapa.