Jozi ya mijusi wa Nephrurus levis kutoka kwa mfugaji wa nyumbani, Melbourne: tathmini baada ya mwaka mmoja

Mwezi Machi mwaka jana nilinunua dume na jike wa Nephrurus levis kutoka kwa mfugaji anayeuzia nyumbani kwake, katika viunga vya magharibi mwa Melbourne. Jina lake silitaji, kwa kuwa wezi wa wanyama hawa wapo na yeye hana duka lenye mlinzi, lakini huduma yake inastahili kuelezwa kwa urefu. Mara ya kwanza nilipokwenda alinirudisha mikono mitupu. Alitaka kwanza tangi langu la kioo liwashwe kwa majuma mawili, nipime joto asubuhi na usiku, kisha nimletee vipimo hivyo vimeandikwa. Niliondoka nimekasirika, na leo namshukuru.

Msomaji aliyekulia Pwani akimtazama mjusi kafiri akikimbia darini asidhani kwamba huyu ni ndugu yake wa karibu kitabia. Nephrurus levis hawezi kupanda kioo wala ukuta, kwa sababu vidole vyake ni vyembamba na havina nyayo za kunata. Kwao ni kwenye mchanga wa nyanda kame za ndani ya Australia, ambako hushinda shimoni mchana kutwa na kutoka usiku kuwinda wadudu. Mkia wake mnene huishia ghafla kwenye kifundo kidogo cha mviringo, mfano wa punje ya pilipili manga. Hana kope, hivyo husafisha macho kwa kuyalamba. Dume wangu, nilipomfunulia kisanduku usiku wa kwanza, aliinuka kwa miguu yote minne, akatikisa kile kifundo, kisha akanirukia huku akitoa mlio mkali kama wa kijitoto cha mbwa. Shangazi yangu wa Tanga, aliyekuwa akitazama kwa simu, aliniuliza: “Mwanangu, yaani mjusi kafiri ndiye unayemnunulia chakula?”

Nililipa dola 450 za Australia kwa jozi. Wako wanaouza kwa bei ya chini ya hiyo, ila sijaona anayetoa kumbukumbu kama za huyu: karatasi tatu zilizonakiliwa kutoka kwenye daftari lake, zenye tarehe ya kuanguliwa kwa kila mnyama, uzito wake wa kila mwezi, siku alizojivua gamba, na namba za wazazi hadi vizazi viwili nyuma, ili nisije nikawapandisha ndugu wa damu. Tuliandikiana pia namba za leseni, kwani jimboni Victoria mfugaji wa watambaazi wa asili hutakiwa kuweka rekodi ya mnyama aliyempokea na aliyemtoa. Kumchukua mwituni ni kosa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hairuhusu kuwasafirisha watambaazi hao nje ya nchi wakiwa hai kwa biashara, na mwaka 2022 Australia iliiweka jenasi nzima ya Nephrurus katika Kiambatisho cha III cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini; kiambatisho hicho ni orodha ya viumbe ambavyo nchi moja huomba nchi nyingine ziisaidie kudhibiti biashara yake. Kwa hiyo msomaji aliyeko Ulaya, anakouziwa mijusi waliozaliwa mikononi mwa wafugaji, angefanya vyema kudai karatasi za asili yao kabla ya kutoa fedha.

Kasoro hazikukosekana. Dume alikabidhiwa akiwa na pete ya gamba kavu iliyokaza kwenye kidole kimoja cha mguu wa nyuma, jambo linaloweza kukata damu na kukiua kidole. Nilipompelekea picha, mfugaji alikiri kwamba hakumkagua vizuri, akanielekeza nimweke kwenye kisanduku chenye kitambaa chenye unyevu kwa dakika 20, kisha niisugue ile pete taratibu kwa kijiti cha pamba. Ilitoka siku ya pili. Aidha, ujumbe anaujibu baada ya saa tatu usiku tu, na mwenye dharura ya mchana atahangaika peke yake.

Upande wa uzazi ndiko nilikouona utaalamu wake. Alinikataza kumkutanisha jike na dume kabla hajafikisha gramu 20, kwa sababu kutaga humnyonya chokaa ya mifupani, na akasisitiza kwamba nyenje wote wapakwe unga wa kalisi kabla ya kulishwa. Juni na Julai tuliwapunguzia joto, wakapumzika. Septemba niliwakutanisha kwa siku tano, nikawatenganisha. Mwishoni mwa Oktoba jike alichimba kwenye pembe ya mchanga niliyokuwa nikiilowesha, akataga mayai mawili, ambayo ndiyo idadi ya kawaida kwa mtago mmoja. Ganda la yai lake si gumu kama la yai la kuku. Hubonyea chini ya kidole kama ngozi laini.

Mayai hayo yaliharibika, na lawama haimhusu mfugaji. Thamostati, yaani kidhibiti joto, ya kitotoleshi changu, niliyoinunua katika duka moja ambalo halikukubali kuirudisha, ilionyesha nyuzi 29 ilhali ndani mlikuwa na 33. Nilichelewa kuligundua hilo kwa kuwa sikuwa na kipimajoto cha pili, ingawa karatasi ya mfugaji ilikitaja kwenye mstari wa kwanza. Alinitumia kimoja cha kwake kwa posta bila malipo. Mtago wa pili, wa mwishoni mwa Novemba, niliuzika nusu ndani ya vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu kidogo, bila kuyageuza mayai, kwa maana yai la mjusi likigeuzwa kiinitete huweza kufa. Siku ya kumi nililimulika moja kwa tochi ndogo, nikaona mishipa myekundu imejisokota ndani yake kama nyuzi za zafarani. Siku ya 63 wakatoka wawili, kila mmoja akiwa na gramu 2 tu, kifundo tayari kipo mkiani, na mmoja wao akaniinukia kwa miguu minne kama baba yake.

Nampa alama nne kati ya tano. Ile moja imeondoka kwa sababu ya kidole cha dume. Nimekwisha kumwomba mijusi wa Strophurus kwa msimu ujao, wale wanaorusha utomvu wa kunata kutoka mkiani. Amejibu, baada ya saa tatu usiku, kwamba hauzi mpaka aone tangi refu lenye matawi limewashwa kwa majuma mawili.