Ukinunua ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, kagua kingo kabla hujauliza bei

Malalamiko ninayoandikiwa kuhusu mbao hizi ni yaleyale kila mara, ubao ulikuwa mwepesi ulipotoka dukani, sasa umekuwa mzito, pembeni ya mapezi ya chini umeanza kuwa kahawia, na mwenyewe anaapa hajaugonga popote. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa "utakuwa umeugonga tu". Hilo jibu linaniudhi sana maana mara nyingi hakuna aliyeugonga, ubao umetoka kiwandani tayari unavuja.

Urefu na umbo sitavigusa, hivyo kila mtu anavizungumzia. Mimi naangalia msasa. Ubao ni foamu iliyovalishwa kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) kilicholoweshwa resini, yaani gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, kitambaa cha juu kinakunjwa kushuka ukingoni na cha chini kinakunjwa kupanda, pale vinapopandana panabaki kituta chembamba. Inamwagwa koti nyingine ya resini kufunika, ikikauka inapigwa msasa. Sasa fundi akiwa na haraka, au anataka ubao uwe mwepesi ili uuzike, mashine ikipita juu ya kile kituta inamaliza koti yote na kuanza kula nyuzi zenyewe. Kwenye boksi za mapezi, yaani vishimo mapezi yanapochomekwa, ni hivyohivyo kwa sababu nazo hukaa juu kidogo na lazima zisawazishwe. Nyuzi zikishakatwa maji yana njia, na hutayaona yakiingia.

Kuangalia ni rahisi. Uinamishe ubao polepole penye mwanga mpaka mwanga utembee ukingo mzima, ukiona vimraba vidogo vya ufumaji wa kitambaa simama hapohapo upitishe ukucha. Ukucha ukiteleza hamna shida, nyuzi ziko chini ya resini. Ukikwaruza na kuhisi kabisa nguo chini ya kidole, hapo pameliwa, rudisha ubao. Na usichanganye na ubao usiong'aa, kuna mbao zinaachwa bila kung'arishwa makusudi na ni nzima kabisa.

Namba moja kwangu ni mbao za kampuni ya Firewire na sifichi. Foamu ya EPS (polistireni nyeupe, kama ile ya kufungia vyombo vya umeme), resini ya epoksi, na zile zilizotengenezwa kwa mtindo waliouita FST zina mbao ya balsa, mti mwepesi sana, kwenye kingo badala ya uti wa mbao katikati. Epoksi ina nguvu na inanyumbuka kuliko poliesta, ile resini ya zamani, so haipasuki ovyo, na kingo zao nilizozipitishia ukucha zimefunikwa vizuri. Bei inauma, najua, lakini ndiyo ningenunua.

Namba mbili ni foamu ya poliyurethani na resini ya poliesta, mapishi ya tangu mafundi wa California Hobie Alter na Gordon Clark mwishoni mwa miaka ya 1950, ila inunue kwa karakana inayopaka resini yenyewe ili umuulize fundi mwenyewe. Foamu hii nayo inanyonya maji lakini taratibu, na kuitengeneza si kazi. Omba upande wa juu uwekwe kitambaa cha aunsi 6 na kingine cha aunsi 4, yaani kama gramu 200 na 135 kwa mita ya mraba. Kawaida wanaweka 4 na 4, ndio maana visigino vinaacha mashimo mapema.

Namba tatu ni EPS na epoksi zisizo na jina. Hapa ndipo kosa la msasa linaumiza zaidi, kwa sababu EPS ni chembechembe zilizobanwa pamoja na maji yanapita katikati yake mpaka mbali. Ukiiacha ndani ya gari juani hewa ya ndani inatanuka, faiba inabanduka, unapata malengelenge. Na asikudanganye mtu kuiziba kwa poliesta, ile staireni iliyomo inayeyusha EPS mbele ya macho yako.

Zile laini za kujifunzia, sawa, zinatosha kuanzia.

Kinachonichosha ni wauzaji. Clark Foam, kiwanda cha foamu cha yuleyule Gordon Clark kilichokuwa kinalisha karakana nyingi za Marekani, kilifungwa ghafla tarehe 5 Desemba 2005, mafundi wakahangaika, EPS na epoksi zikapata nafasi, vizuri tu. Lakini leo "epoksi" imekuwa neno la kupandishia bei, muulize muuzaji uzito wa kitambaa anakukodolea macho, muulize nani alipiga msasa anakuonyesha rangi. Wengine pale palipoliwa wanabandika stika. Ukikuta stika imekaa ukingoni au pembeni ya boksi la pezi kwenye ubao mpya, mwambie aibandue kabla hujatoa hela.