Historia ya uwanja wa North Wilkesboro katika banda la video la Ngamiani

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya isha, nilihudhuria onyesho katika banda moja la video la Ngamiani, hapa Tanga, ambalo siku nyingine huonyesha mpira na filamu za kutafsiriwa. Safari hii msimulizi wake alituletea historia ya North Wilkesboro, uwanja wa mbio za magari ulioko katika mji mdogo wa jimbo la North Carolina, Marekani. Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000, nami naona tulipata zaidi ya tulicholipa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba msimulizi hakuanza na vikombe wala mabingwa, bali alianza na gongo. Wilaya ya Wilkes, ulimo uwanja huo, yenye milima na misitu, ilisifika kwa pombe hiyo haramu, na vijana walioisafirisha usiku walichukua magari ya kawaida, wakayaongezea nguvu za injini na kukaza springi za nyuma ili gari lililosheheni lisibonyee likawashtua askari. Mbio za magari ya namna hiyo zilichipuka humo. Tarehe 19 Juni 1949, katika mashindano ya kwanza ya magari ya kawaida ya NASCAR, chama kinachosimamia mbio za magari Marekani, yaliyofanyika Charlotte, Glenn Dunaway alitangulia kufika lakini akanyang'anywa ushindi baada ya wakaguzi kukuta springi za nyuma zimebadilishwa kwa mtindo wa wabeba gongo, na ushindi akapewa Jim Roper. Mafundi waliojaa bandani, ambao huongeza majani ya springi kwenye malori ya mboga yanayoteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, walielewa mara moja bila kufafanuliwa. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya gereji miaka mingi, na sijapata kusikia historia ya michezo ikielezwa kwa kuanzia uvunguni mwa gari.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1947 chini ya Enoch Staley, ukiwa wa udongo hadi ulipowekwa lami mwaka 1957, na mzunguko wake ni takriban kilomita moja. Husimuliwa kwamba fedha zilikwisha kabla ardhi haijasawazishwa, na ndiyo maana mpaka leo magari huteremka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Mwenyeji mashuhuri wa wilaya hiyo, Junior Johnson, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa gongo wa baba yake, akafungwa miezi 11, kisha akatoka na kushinda mashindano makubwa ya NASCAR yaitwayo Daytona 500 ya mwaka 1960. Rais Reagan alimsamehe mwaka 1986.

Kasoro kubwa niliyoiona ni kwamba msimulizi alipita haraka mno penye uchungu wa kisa. Staley alifariki mwaka 1995, uwanja ukanunuliwa na matajiri wawili, na mashindano yake mawili ya kila mwaka yakahamishwa, moja Texas na jingine New Hampshire. Jeff Gordon alishinda la mwisho tarehe 29 Septemba 1996, na mji wa watu wapatao 4,000 ukabaki na majukwaa yanayomezwa na magugu. Karibu miaka 27 bila mashindano makubwa haistahili dakika mbili. Msimulizi alirejea kwenye kiwango chake aliposimulia jinsi watu walivyojitolea kufyeka magugu hayo mwaka 2019 ili njia ipimwe kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, hadi mashindano makubwa yaliporudi na Kyle Larson akashinda tarehe 21 Mei 2023.

Picha ni safi na sauti inasikika hadi nyuma, ila mabenchi hayana egemeo na feni ni moja tu. Onyesho litarudiwa Jumamosi ijayo saa mbili na nusu usiku, na nimekwisha kumwomba msimulizi aongeze muda wa sehemu ile ya mwaka 1996.