Gari jipya la umeme, na miezi saba ya kudai hela yangu nikiwa Mtwara

Sina ugomvi na magari ya umeme, nalisema hilo mapema. Ugomvi wangu ni na hawa walioniuzia, nawapa nyota moja kwa sababu sifuri haipo.

Msimu wa 2024 korosho ililipa, mnadani bei ilivuka 4,000 kwa kilo, huku kusini mnakumbuka ilivyokuwa, wengine waliezeka nyumba, wengine waliongeza mke, mi nkasema nanunua gari. Naishi Magomeni hapa Mtwara mjini ila shamba aliloniachia mjomba liko Tandahimba, kwaiyo kila wiki niko barabarani na petroli ilikuwa inanimaliza. Nikaona kigari kipya cha umeme cha Kichina, milango minne, betri ya uniti 30, yani uniti zilezile za LUKU, kwenye karatasi wanakwambia kilomita 300. Milioni 31 na laki tano. Shorumu iko Dar.

Kabla sijatoa hata mia nikamuuliza dada wa mauzo kwa WhatsApp: "Dada mi nakaa Mtwara, naenda Tandahimba na kurudi sikuhiyohiyo bila kuchaji, itaweza?" Kwenda na kurudi haifiki kilomita 200. Akanijibu "bila wasi boss wangu, unarudi na chaji ya kesho". Hiyo meseji msiisahau, tutairudia.

Wiki tatu za kwanza asali tupu. LUKU ya elfu kumi napata uniti 28, karibu betri nzima hiyo, nachomeka jioni kwenye soketi ya kawaida asubuhi kwenye saa tatu imejaa. Nazunguka Ligula, Chikongola, nashuka Mikindani, gari kimya kama baiskeli, watoto wanakimbiza nyuma.

Siku ya kwanza kwenda shamba nimetoka asilimia 100, nimempakia mama mkubwa na viroba vyake. Naliendele tukapita, Nanguruwe tukapita, skrini inasoma 61, mwendo 60, kipupwe nimezima. Hatujafika Mnivata namba ikaruka kutoka 61 mpaka 19, hamsini haikupita, arobaini haikupita, kikawaka kipicha chekundu cha kobe kwenye dashibodi, yani nguvu zimekata, gari likaanza kutambaa af likazima kabisa. Mama mkubwa ananiuliza "mwanangu, limekufa?" Namwambia halijafa mama, linapumzika. Lilipumzika masaa manne. Vijana walikuja na kamba wavute nikawakatalia, maana kitabu chake kinasema usivute magurudumu ya mbele yakiwa chini, mota inazunguka inazalisha umeme unaunguza vitu, ikabidi tutafute Canter, tuisogeze kwenye tuta la udongo, tusukume gari lipande. Laki na themanini hiyo, na mama mkubwa amekaa na viroba vyake barabarani anatuangalia kama tumerogwa.

Nikadhani ni bahati mbaya. Likajirudia mara tatu ndani ya wiki mbili.

Sasa sikieni majibu ya wenyewe. La kwanza: umeme wa Mtwara mdogo, ndo unaua betri. Nikawaambia jamani mi nina stabilaiza, na fundi kaja na mita yake kapima pale kwenye soketi kasoma volti 228, tatizo la umeme liko wapi? La pili: subiri apdeti, yani programu mpya ya gari. Nikanunua bando, apdeti ikashuka usiku kucha, asubuhi rangi za skrini zimebadilika, gari lilelile. La tatu: fundi wetu anakuja. Alikuja baada ya wiki tano, kijana mstaarabu tu, kashuka kwenye basi la Dar na laptop, akaichomeka, akakaa kimya muda mrefu. Af akaniambia mjomba, kuna seli hapa iko chini kuliko wenzake, zimefungwa mstari mmoja, hiyo moja ikiisha kompyuta inakata betri nzima hata kama zingine zina chaji. Nikamwambia mdogo wangu, hayo maneno yaandike kwenye fomu yako ya kazi, weka na sahihi. Akaandika. Nikapiga picha palepale kabla hajabadili mawazo, na nasikia kwa bosi wake alikiona cha moto kwa hiyo karatasi.

Jibu la nne ndo lilinipandisha presha: lilete gari Dar, kwa gharama yako. Zaidi ya kilomita 550! Nikaulizia brekidauni wakanitajia milioni 2 na laki nne. Malori ya huku yakipanda Dar yana saruji, yanashuka matupu, na mi nataka kupanda, kwaiyo hata lifti ya bei poa hakuna. Hapo nikaelewa mchezo. Wanajua mtu wa Dar angepaki gari mlangoni kwao kila asubuhi mpaka waone aibu, wa Mtwara utamsikia kwenye simu tu, na simu inakatwa.

Nikaenda kwa wakili hapa mjini, na kitu alichoniambia natamani ningekijua mwezi wa kwanza. Kwenye sheria ya mauzo ya bidhaa ukimwambia muuzaji kitu unakitaka kwa kazi gani na ukamwamini utaalamu wake, kile kitu lazima kifae kwa hiyo kazi. Ndo meseji ya Tandahimba ikapata kazi. Lakini ukikaa na mali muda mrefu bila kutamka kwamba unaikataa, inahesabika umeikubali, unabaki kudai fidia tu badala ya kurudisha gari. Yani kila "subiri apdeti" na "fundi anakuja" kumbe nilikuwa naliwa muda wangu huku nasema asante. Mi nlikuwa nalalamika, sikuwa nimeandika NALIKATAA GARI. Ni vitu viwili tofauti. Bahati nzuri wiki ya pili tangu matatizo yaanze niliwatumia meseji kwa hasira "njooni mchukue gari lenu mnipe hela yangu", wakili akacheka akasema hasira zako zimekusaidia.

Notisi ikaandikwa siku 14, nakala Tume ya Ushindani, wale wanaolinda walaji, imeambatana na risiti ya EFD yenye namba ya chesesi (walitaka kunipa profoma tu, nikagoma, mshukuruni marehemu baba aliyekuwa karani), ile meseji, na fomu ya fundi. Siku ya 11 simu ikaita yenyewe. Tukubadilishie betri? Hapana. Tukupe gari lingine? Hilohilo la Kichina lenu? Hapana. Haya tunarudisha hela ila tunakata milioni 6 ya uchakavu. Uchakavu wa gari lililotembea kilomita 2,300, na zingine limetembea juu ya Canter! Tukavutana wiki mbili, wakashuka mpaka milioni moja na nusu, gari wanakuja kulichukua wenyewe. Nikakubali, nilikuwa nimechoka bana, wakili alitaka tuendelee ila presha ni yangu sio yake.

Siku ya kulichukua nilipiga picha kila kona, namba ya kilomita, tukasaini karatasi mbele ya mjumbe, na funguo haikutoka mfukoni mpaka milioni 20 iliposoma benki. Dereva wao kanuna, kakaa kwenye ngazi yangu toka saa mbili mpaka saa nane mchana, mke wangu kamletea ugali na samaki, hana kosa yule. Kumi iliyobaki walisema ndani ya siku 30. Imeingia sita.

Saivi naenda shamba na pikipiki ya mdogo wangu, stabilaiza nimeihamishia kwenye friji. Hiyo milioni 4 wanasema Ijumaa, na Ijumaa hii ni ya tatu, wakili kashaanza kuandika notisi nyingine.