TAHADHARI: Jamaa wa "antena ya 4K" anayezunguka Busia

Watu wa Busia, Malaba na Tororo, kuna jamaa anapita mitaani na boda iliyofungwa antena nyuma kama miiba ya nungu. Anajiita fundi wa dijitali. Akibisha kwako mpe maji anywe, aende zake. Mimi nilimpa shilingi 95,000 za Uganda, na chai juu.

Alikuja siku chache kabla ya CHAN ya Agosti 2025, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Alijua tunataka nini: Cranes, timu yetu ya taifa, wakiwa uwanjani Namboole, picha safi. Akaangalia antena yangu ya zamani, akacheka, akasema hiyo ni ya analojia, yake ni ya 4K. Uongo mtupu. Antena haijui analojia wala dijitali. Yake ni kushika mawimbi ya runinga ya UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu, basi. Dikoda ndiyo inayotakiwa iwe ya DVB-T2, yaani mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena. Ile ya zamani ilikuwa ya UHF, nzima kabisa, na jamaa aliondoka nayo eti akanitupie. Nadhani aliitupia kwa mteja wa mtaa wa pili.

CHAN tuliiona vizuri. Alifunga jua likiwaka, na juani kila antena ni nzuri. Mvua za Septemba zikaja. Enzi za analojia maji yakiingia unaona chenga, unaendelea kutazama hivyo hivyo. Dijitali haina huruma hiyo: picha inavunjika vijisanduku, sauti inakatikakatika, halafu skrini inakwambia hakuna mawimbi. Nikampigia. Akaja upesi, nami nikamsifu. Akaniuzia "bustaa ya mvua", 40,000, eti inakausha maji ndani ya waya. (Chekeni tu, nimeshazoea.) Siku tatu za jua ikafanya kazi. Mvua ikanyesha, giza.

Safari hii nikamwita afande mmoja mstaafu hapa mtaani, aliyekuwa upande wa mawasiliano jeshini. Akafungua waya kule nyuma ya dikoda, akauinamisha. Maji yakamtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Kijana, huu si waya. Huu ni mrija."

Ulikuwa waya mweupe wa kutumia ndani ya nyumba, gamba limeshapasuka kwa jua. Maji yaliingia juu, yakafuata ule wavu unaozunguka shaba, yakashuka mpaka sebuleni. Wavu wenyewe ulikuwa na nyuzi chache, unaweza kuzihesabu. Na bustaa? Ndani mna taa moja nyekundu na kipande cha saruji cha kuipa uzito. Naiweka juu ya friji, wageni wanaipima mkononi.

Kule juu ya paa ndiko kulikokuwa na aibu zaidi. Kile kisanduku cha plastiki ambapo waya unafungwa kina kitundu cha kutolea maji; jamaa alikigeuza kikaangalia mbinguni, kikawa kama kikombe. Skrubu za ndani zilikuwa kijani. Juu yake amepaka silikoni, ile inayonuka siki, na afande anasema asidi yake inakula shaba. Ukitaka kuziba, tafuta isiyonuka, au ile tepu nyeusi ya mpira unayoivuta ikajishika yenyewe. Tepu ya fundi umeme ikipigwa na jua inabanduka.

Afande alifunga waya wa antena wa RG6, mweusi wa nje, wa omu 75, akageuza kitundu chini. Kabla waya haujaingia ukutani akauacha uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji yadondokee hapo yasifuate waya ndani. Vyote pamoja havikufika bei ya ile bustaa. Jana usiku mvua ilipiga mabati mpaka hatusikilizani, na picha haikutikisika.

Simu ya jamaa haipatikani. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwetu ameshaandika nyumba nne zilizouziwa, na tunasikia jamaa sasa anapita upande wa Tororo. Kama ulishanunua, usiitupe bustaa, mpelekee mwenyekiti wako. Itikise kwanza: ukisikia kitu kinagongagonga ndani, ndiyo yenyewe.